Kumtunza Mbwa Nyumbani: Mikono Kwanza, Maji Baadaye

Katika nyumba nyingi za mijini kwetu, mbwa huogeshwa siku anapoanza kunuka, au siku ambayo wageni wanatarajiwa. Huletwa ndoo ya maji baridi, konzi ya sabuni ya unga na brashi ngumu ya kufulia. Mnyama hufungwa kwenye nguzo, husuguliwa mpaka povu ligeuke jeusi, humwagiwa maji mara mbili tatu, kisha huachwa juani ajikaushe mwenyewe. Mwenye nyumba huona wajibu umetimia mpaka harufu itakaporudi. Nia ni njema, lakini mpangilio umekaa kichwa chini miguu juu. Hoja ya makala haya ni moja: kinachomlinda mbwa ni mikono inayoupitia mwili wake wote kila wiki, na kuoga ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Mbwa mwenye manyoya mafupi anayechanwa na kukaguliwa kila Jumamosi anaweza kukaa mwezi mmoja, hata miwili au mitatu, bila kuogeshwa, na akawa safi na mwenye afya. Mbwa anayesuguliwa kwa sabuni kila wiki bila mtu kumtazama katikati ya vidole, ndani ya masikio na chini ya mkia anaweza kung'aa huku kupe wanamnyonya.

Tuanze na ngozi, maana ndiyo inayoumia zaidi. Tabaka la juu la ngozi ya mbwa ni jembamba kuliko letu: kwa kawaida lina safu 3 hadi 5 za seli, ilhali la binadamu lina safu 10 hadi 15. Isitoshe, sisi hutoka jasho mwili mzima, ndiyo maana tunahitaji kuoga kila siku. Mbwa hajipozi hivyo. Tezi zake za jasho la namna yetu ziko kwenye nyayo, na joto la mwili hulitoa kwa kuhema huku ulimi uko nje. Kinachofunika ngozi yake ni mafuta mepesi yanayoyapa manyoya mng'ao, yanayozuia maji yasipenye na kuifanya ngozi isikauke. Ukiyaondoa kwa sabuni kali, mwili unahitaji muda kuyarudisha. Ukimwogesha tena kabla hayajarudi, ngozi hukauka, hutoa magamba na kuwasha. Mbwa hujikuna, palipochubuka huingia bakteria, na harufu inayotoka hapo ndiyo inayokufanya uchukue ndoo kwa mara nyingine. Kwa njia hiyo sabuni yenyewe huzaa tatizo ililoletwa kuliondoa, na mfugaji, kwa bidii yake yote, huwa ndiye anayeliendeleza.

Aina ya sabuni nayo ina uzito wake. Wataalamu hupima uchachu na ukali wa magadi kwa kipimo cha pH, ambacho katikati yake ni 7. Ngozi ya binadamu iko upande wa uchachu, karibu na 5. Ya mbwa hukaribia 7, ingawa hutofautiana kwa aina ya mbwa na sehemu ya mwili. Sabuni ya mche na sabuni ya unga hufika 9 au 10, kwa sababu zimetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo na masufuria, na katika kipimo hiki kila hatua moja ni tofauti ya mara 10. Dawa za kuua vijidudu za kusafishia choo na sakafu, hasa zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, ni mbaya zaidi, kwani mbwa hujilamba baada ya kuoga na kumeza kilichobaki kwenye manyoya. Wapo watakaosema kwamba mbwa wetu wameogeshwa kwa sabuni ya unga miaka nenda miaka rudi na hawajafa. Ni kweli hawajafa. Lakini kutokufa ni kipimo cha chini mno cha matunzo, na baadhi ya mbwa hao ndio wanaojikuna usiku kucha huku tukisema wana upele tu. Shampuu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa inapatikana katika maduka mengi ya dawa za mifugo. Ukiikosa, shampuu ya watoto wachanga isiyo na manukato inaweza kukuvusha siku moja, na mara nyingi maji matupu na brashi vinatosha. Tope lililokauka kwenye manyoya mafupi hutoka kwa kuchanwa tu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya kila wiki. Chagua wakati mbwa amekwisha kutembezwa na ametulia. Mchane kwa brashi au kitana kufuata manyoya yanavyolala, kuanzia shingoni kwenda nyuma, kisha rudia kwa vidole vitupu, polepole, kana kwamba unatafuta sindano iliyoanguka kwenye zulia. Pitisha vidole nyuma ya masikio, chini ya mkanda wa shingoni, kwapani, tumboni, kwenye mapaja kwa ndani, kuuzunguka mkia, na katikati ya kila kidole cha mguu. Unatafuta uvimbe, kidonda, joto lisilo la kawaida, sehemu anayoikwepa ukiigusa. Kisha weka chini ya kitana karatasi nyeupe ya chooni iliyoloweshwa kidogo na uchane sehemu ya mgongo iliyo karibu na mkia. Zikidondoka punje nyeusi kama vumbi la mkaa, zitazame kwa nusu dakika. Zikibaki nyeusi, ni uchafu wa kawaida. Zikianza kuyeyuka na kuacha duara la rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyokwisha kusagwa tumboni mwao. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na kinakupa jibu hata kama hujamwona kiroboto mwenyewe akiruka. Ndoo ya maji isingekuambia, kwa sababu povu lingezoa ushahidi wote na kuupeleka mferejini.

Kupe wanastahili maelezo yao, kwa kuwa ndio wanaoua mbwa wengi katika ukanda wetu. Anayewasumbua zaidi mbwa ni kupe kahawia, ambaye tofauti na wengi wa jamaa zake wanaongoja majanini, ameyazoea maisha ya nyumbani. Hunyonya, hudondoka, hujificha kwenye ufa wa ukuta, kwenye mbao za banda au chini ya zulia, kisha hujibadilisha na kurudi kwa mbwa. Jike aliyeshiba hutaga mayai kwa maelfu humohumo ufani. Ndiyo maana baadhi ya watu huwaona kupe wakipanda ukutani kuelekea dari na wasielewe wametoka wapi. Kupe huyo hueneza magonjwa ya damu yanayomletea mbwa homa, kukosa hamu ya kula, fizi kupauka na wakati mwingine kutokwa na damu puani. Mfugaji anayemwogesha mbwa kwa bidii na kumrudisha kwenye banda lilelile lenye nyufa amefanya kazi ya bure, kwani jeshi kubwa liko ukutani. Viroboto nao ni hivyohivyo: wale unaowaona mwilini ni sehemu ndogo, na mayai, viluwiluwi na mabuu yako kwenye matandiko na vumbi la sakafu. Kwa hiyo siku ya kumshughulikia mbwa ni siku ya kufua matandiko yake kwa maji ya moto, kufagia banda mpaka pembeni, kuziba nyufa kwa saruji na kuchoma takataka.

Ukimkuta kupe amejishikiza, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kupindisha, kisha umtie kwenye chupa yenye spiriti. Usimpasue kwa kucha, usimchome kwa kiberiti wala kummwagia mafuta ya taa, kwani vitendo hivyo humfanya atapike ndani ya mwili wa mbwa na kuharakisha maambukizi unayoyaogopa. Kama kupe ni wengi, kuna dawa za matone ya mgongoni, za kunyunyiza, za vidonge na za mkanda wa shingoni. Daktari wa mifugo ndiye anayejua ipi inamfaa mbwa wa umri na uzito fulani. Uzito ni jambo kubwa hapa, na mbwa mdogo asipewe nusu ya dozi ya mkubwa kwa kukadiria kwa macho.

Hapa inabidi niseme waziwazi juu ya desturi inayoua. Mfugaji mwenye ng'ombe na mbwa huona ni jambo la kawaida kuchota dawa ya kuogeshea ng'ombe, kuichanganya kwa kukisia na kumwagia mbwa. Baadhi ya dawa hizo zina kiambato kinachotumika pia kwa mbwa, ndiyo maana wapo walioitumia wakaona matokeo mazuri. Lakini kipimo ni kingine, mbwa hujilamba zaidi ya ng'ombe, na watoto wa mbwa hawaivumilii. Nyingine ni sumu ya mfumo wa neva, na mbwa aliyezidishiwa huanza kutokwa na mate, kutetemeka, kuyumba na kuhara. Mbwa akiwa hivyo, mwoshe kwa maji mengi haraka na umkimbize kwa daktari ukiwa umebeba chupa ya dawa, ili ajue anapambana na nini. Nyumba yenye paka iongeze tahadhari, kwani dawa kadhaa ambazo mbwa huzivumilia humuua paka, hata kwa kulala karibu na mbwa aliyetoka kupakwa. Oili chafu ya gari na mafuta ya taa ambavyo bado hupakwa mbwa mwenye ukurutu havina nafasi kabisa katika matunzo. Huunguza ngozi, hupenya mwilini, na mbwa akijilamba huingia tumboni na mapafuni. Hata majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, ambayo hayana ukali huo, hayana kipimo kinachojulikana cha kutegemewa kwa mbwa aliyekwisha kuvamiwa.

Ukaguzi wa mikono huonyesha pia magonjwa ambayo sabuni huyaficha. Ukurutu unaotokana na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho huanzia mara nyingi kwenye ncha za masikio, viwiko na tumbo. Aina moja yake huambukiza watu, na mwenye nyumba huanza kuwashwa mikononi bila kujua chanzo. Katika maeneo yenye vumbi la mchanga, funza huingia kwenye nyayo za mbwa kama wanavyoingia miguuni mwa watoto, na nyumba haiwezi kuwamaliza kwa kutibu watoto peke yao huku mbwa akiwa ghala lao. Kwenye maeneo ya joto kuna pia nzi anayetaga kwenye mchanga wenye mkojo au kwenye matandiko yenye unyevu, na buu lake huingia kwenye ngozi na kutoa jipu lenye tundu dogo katikati. Ukiona jipu la namna hiyo, usilikamue kwa nguvu, kwani buu likipasukia ndani huleta uvimbe mkubwa. Litie mafuta mazito ya kujipaka ili buu likose hewa, lisubiri lijitokeze, kisha ulitoe taratibu kwa kibano.

Harufu nayo tuipe maana yake. Mbwa mwenye afya ana harufu yake ndogo ya kawaida. Harufu kali ikizuka ghafla, tafuta mahali inapotoka kabla hujatafuta ndoo. Ikiwa ni ya uchachu na inatoka sikioni, huenda sikio lina ukungu au usaha. Ikitoka mdomoni, meno yamejaa ukoko au moja limeoza. Ikifanana na samaki waliooza na mbwa anaburuta makalio chini, tezi zilizo pembeni mwa njia ya haja kubwa zimejaa, na kuzikamua ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Ikisambaa mwili mzima pamoja na ngozi yenye mafuta na wekundu, kuna ugonjwa wa ngozi. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa na manukato. Anayemwogesha mbwa ili harufu ipotee bila kujua imetoka wapi amemnyima daktari dalili ya kwanza.

Baada ya hayo, siku ya kuogesha ikifika, ifanye kwa utaratibu. Panga iwe asubuhi ya saa nne hivi, siku ya jua, ili mbwa akauke kabla ya jioni. Juni na Julai huko Arusha, Mbeya au Limuru, ngoja siku yenye joto, na mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki 8 usimwogeshe kabisa, mfute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kama amepakwa dawa ya matone mgongoni, ziache zipite siku 2 kabla na 2 baada, isipokuwa maelezo ya dawa yaseme vinginevyo. Mchane kwanza akiwa mkavu, kwa sababu manyoya yaliyosokotana hukaza zaidi yakilowa na kugeuka donge linalovuta ngozi. Mtandikie taulo kuukuu au kipande cha mkeka asiteleze, maana woga mwingi wa mbwa majini unatokana na miguu kukosa mahali pa kushika. Maji yawe ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko kama ya mtoto. Mbwa wa ukubwa wa wastani anatoshwa na lita 20 hivi, kwa kopo na ndoo mbili, bila mpira.

Lowesha kuanzia mabegani kwenda nyuma. Kabla ya kusambaza shampuu, mzungushie povu shingoni kama kola, kwa sababu viroboto wakihisi maji hukimbilia kichwani, na povu hilo huwazibia njia. Kisha shuka mgongoni, kifuani, tumboni, miguuni na mkiani, ukisugua kwa ncha za vidole na kuacha brashi ya kufulia ibaki na kazi yake. Kichwa kiwe cha mwisho na kifutwe kwa kitambaa kibichi, bila povu kuingia machoni wala maji masikioni, kwani mbwa akilowa kichwa ndipo hujikung'uta kwa nguvu. Ikiwa shampuu ni ya dawa, iache mwilini dakika 10 au kadiri ya maelekezo, la sivyo umeosha dawa kabla haijafanya kazi. Kusuuza kuchukue muda mrefu kuliko kusugua. Endelea mpaka maji yanayochirizika yawe meupe na manyoya yasiteleze tena vidoleni, kwani sabuni iliyobaki kwapani na katikati ya vidole ndiyo inayoleta muwasho kesho yake. Mkaushe kwa taulo, usisahau masikio na vidole, na umweke mahali pasafi, maana mbwa mbichi hupenda kugaagaa kwenye vumbi la kwanza atakaloliona.

Wakazi wa pwani wana mambo mawili ya ziada. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa yana chumvi, povu halishiki vizuri na mabaki yake hukaa kwenye ngozi, hivyo ni vyema kumalizia kwa maji ya mvua au ya bomba. Vilevile kumtia mbwa baharini hakuhesabiki kuwa kumwogesha. Bahari humfurahisha na kumchosha vizuri, lakini chumvi ikikaukia mwilini huwasha, kwa hiyo akirudi nyumbani asuuzwe. Wenye mbwa wa manyoya mazito yenye matabaka mawili, kama mbwa wa Kijerumani wanaopendwa kwa ulinzi, wasidanganyike kwamba kumnyoa kutampunguzia joto. Manyoya hayo humkinga na jua, na yakinyolewa hadi ngozini huweza kuota vibaya. Tabaka la chini lichanwe mara kwa mara litoke, na hapo ndipo hewa hupita. Mbwa wa manyoya marefu yasiyoacha kukua, kama pudo na malta, ndio wanaohitaji mkasi wa kila baada ya wiki chache na brashi ya kila siku.

Kucha, masikio na meno havihitaji maji ya ndoo, na ndiyo maana husahaulika. Ukisikia kucha zikigonga sakafu mbwa anapotembea, zimerefuka. Ndani ya kila ukucha kuna mshipa wa damu. Kwenye ukucha mweupe unauona kwa rangi yake ya waridi, na kwenye ukucha mweusi kata vipande vyembamba vyembamba, uache mara tu doa la duara linapotokea katikati ya ulipokata. Ukikosea damu ikatoka, bana kwa unga laini wa ngano au wa mahindi kwa dakika chache. Usiusahau ukucha wa pembeni ya mguu usiogusa ardhi, kwani hauliki kwa kutembea na huweza kujikunja mpaka ukaingia nyamani. Masikio yafutwe kwa pamba iliyoloweshwa dawa ya kusafishia masikio, kwenye sehemu unayoiona tu. Njia ya sikio la mbwa hushuka kisha hukunja kona, na kijiti cha pamba husukuma uchafu kwenye kona hiyo. Meno yapigwe mswaki wa dawa ya mbwa au maji matupu, kamwe isiwe dawa yetu ya meno, kwa sababu mbwa humeza, na floridi iliyomo humdhuru. Baadhi zina pia utamu wa zailitoli, ambao ni sumu kali kwake.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la mwenye mbwa wa ulinzi. Anasema mbwa akizoea kushikwashikwa atakuwa mpole, mwizi atamtuliza kwa kipande cha nyama. Lakini mbwa hutofautisha mkono wa mwenyeji na wa mgeni, na mbwa wa polisi, wanaotegemewa kuliko wa nyumba yoyote, huchanwa na kukaguliwa na waongozaji wao kila siku bila kupoteza ukali. Hatari ya kweli ni mbwa asiyeshikika hata na mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya watu wanaougua kichaa cha mbwa hukipata kutoka kwa mbwa, na kwamba kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo kunaweza kuukata mnyororo huo. Kampeni za chanjo hufanyika kwenye viwanja vya shule na ofisi za vijiji, na anayemshika mbwa wakati wa sindano ni mwenyewe. Mbwa ambaye hajawahi kuguswa hafiki hapo, au akifika hurudishwa bila chanjo. Mkono wa kila Jumamosi ndio unaomfanya achanjike. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto wa mbwa aliyezoeshwa tangu wiki za mwanzo kushikwa makucha, kufunuliwa midomo na kuguswa masikio, kwa dakika chache na kipande cha chakula, atakupa utulivu huo maisha yake yote. Aliyekomaa naye hufundishika, ila taratibu, sehemu moja ya mwili kwa siku kadhaa, na mwenye historia ya kuuma avalishwe kifunga mdomo.

Pingamizi la pili ni la dini, na lisichukuliwe kwa wepesi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mbwa ni najisi, na kilichogusana naye kikiwa na unyevu huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Mafundisho hayohayo yanaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi, inajulikana na kila mwanafunzi wa madrasa. Mwenye mbwa wa lindo, basi, hajaondolewa wajibu wa kumtunza. Hapa ndipo hoja ya makala haya inapomsaidia: sehemu kubwa ya kazi ni kuchana na kukagua, nayo hufanywa mbwa akiwa mkavu, kwa glavu kavu na nguo maalumu, mbali na mahali pa sala. Kuogesha, ambako kuna maji, kunaweza kuachiwa mtu asiyefungwa na hukumu hiyo. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, lakini mbwa asiachwe na kupe kwa kisingizio cha twahara.

Wapo pia wanaosema haya yote ni anasa ya wenye nafasi. Tupige hesabu. Brashi na kibano hununuliwa mara moja, na shampuu ya mbwa ikitumika mara moja kwa mwezi au miwili hukaa muda mrefu. Ukaguzi ni dakika 15 kwa wiki. Linganisha na gharama ya kumtibu mbwa mwenye ugonjwa wa kupe, dawa za wiki kadhaa, au kumpoteza na kuanza upya na mwingine asiyejua geti. Aidha, nchini Tanzania Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humbana mwenye mnyama kumtunza. Matunzo si hisani anayopewa mbwa akiwa amefurahisha.

Ipo mipaka ya kuheshimiwa. Mbwa mwenye homa, kidonda kilicho wazi au aliyeshonwa asiogeshwe mpaka daktari aruhusu. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayedondokwa na mate, anayeuma hovyo au kushindwa kumeza, asiguswe kabisa. Mfungie mahali na utoe taarifa kwa ofisi ya mifugo. Ukiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo, kwa sababu kichaa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Kwa mfugaji unayesoma haya, anza Jumamosi hii bila ndoo. Kaa chini na mbwa wako, brashi mkononi, umpitie kuanzia masikioni mpaka katikati ya vidole, na uandike ulichokiona. Kupe, jipu, ukucha uliojikunja au harufu ya sikio vitakuambia kama anahitaji maji, dawa au daktari. Jumamosi inayofuata fanya tena, na uwafundishe watoto wakubwa wa nyumbani kufanya hivyo mbele yako. Mbwa anayelala nje ili wewe ulale ndani anastahili angalau hayo.